Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Vijana wa pale ukumbini Kisii mjini mnaojifunza kuandika programu za kompyuta, mmeniuliza nilifikaje Uholanzi bila kuisomea kazi hii chuoni. Nilifika kwa ndege. Hilo ndilo jibu fupi, na ningekuwa na busara ningeishia hapo. Lakini nimestaafu mwaka huu, nimerudi Kenya, naishi Kiogoro hapo karibu na mji, na mtu aliyestaafu akiulizwa swali moja hujibu manane ambayo hakuulizwa. Mambo ya vyeo sitayagusa. Vyeo nilivyopewa vilikuwa na majina marefu kiasi kwamba hata walionipa walilazimika kuyasoma kwenye karatasi.

Nilianza kama mpiga chapa. Mimi ni mzaliwa wa Gesima, binti wa wakulima wa chai, na baada ya kidato cha nne nilijifunza taipureta Kisii mjini, kisha nikaajiriwa katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Nyamira, ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa. Mkuu wa ofisi alikuwa Madam Akinyi, mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwa, aliyevaa miwani ya kamba na kutembea na rula ya mbao. Ekegusii, lugha ya kwetu, alikielewa chote lakini alikataa kukizungumza, ili tuendelee kumsengenya mbele yake na yeye aendelee kupata habari.

Siku ya kwanza alinipa barua ya ukurasa mmoja.

"Yunuke Kemunto, tafuta makosa," akaniambia.

Nikasoma, nikapata mawili, nikamrudishia nikiwa nimeridhika sana.

"Sasa anza neno la mwisho, urudi juu mpaka la kwanza."

Nikaona ni uchawi wa upande wa ziwa, lakini nilikuwa mgeni, nikatii. Nikapata mengine matano.

"Ukisoma kutoka mwanzo," akasema, "unasoma kile ulichotaka kuandika. Ukisoma kutoka mwisho, unasoma kile ulichoandika."

Nimehudhuria mafunzo mengi ya kazi tangu siku hiyo, mengine katika hoteli zenye zulia hadi chooni. Sikuwahi kufundishwa kitu kikubwa kuliko hicho.

Kompyuta ilituletea shida mwaka wangu wa tatu pale. Ilikuwa zawadi kutoka kwa wafadhili fulani. Fundi aliyeileta aliiwasha, akatuonyesha kwamba inawaka, akaizima, akatukataza kuiwasha tena bila mtu anayejua. Mtu anayejua hakuwepo, kwa hivyo tukatii. Madam Akinyi aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua ya zambarau, akaweka juu yake kalenda na chupa ya chai. Kwa miezi minane kompyuta ya hospitali yetu ilifanya kazi ya meza, na niseme ukweli, haikutuangusha hata siku moja.

Kilichoniponza ni kitabu cha maelezo. Kilibaki kwenye droo, nami nilikuwa mtu wa kula haraka wakati wa lunchi na kubaki bila la kufanya. Kilikuwa kwa Kiingereza, kikavu kama mahindi ya kuchomwa ya jana, lakini nusu ya pili ilieleza jinsi ya kuiandikia mashine maagizo, mstari kwa mstari, nayo ikayafuata. Nilisoma kurasa hizo mara tatu kabla ya kuthubutu kuondoa chupa ya chai. Programu yangu ya kwanza ilimuuliza mtu jina lake kisha ikamsalimu. Nikamwita Madam Akinyi aijaribu. Akaandika jina lake kwa vidole vyote kumi, kwa kasi iliyoniaibisha, na skrini ikajibu: *Hujambo Akinyi.*

Akaisogelea skrini, akaisoma.

"Iambie ni Madam Akinyi."

Nikairekebisha palepale. Hayo yalikuwa malalamiko ya kwanza ya mteja niliyopokea maishani, na hadi leo sijapata mengine yaliyokuwa ya haki kama yale.

Programu ya pili ilikuwa ya kazi kweli. Chumba chetu cha kadi za wagonjwa kilikuwa na mbao za rafu hadi darini, na mgonjwa akija bila namba yake tulimtafuta kwa jina. Sasa ninyi ni watu wa huku, mnajua. Mwite Kemunto, Moraa au Kerubo katika foleni ya hospitali, uone ni wangapi watainuka. Nikaandika programu ya kutafuta kadi, na Madam Akinyi akasimama nyuma ya kiti changu na rula yake.

"Usiulize jina tu. Uliza kijiji. Uliza baba ni nani, ameolewa wapi. Halafu wakibaki wawili, mashine isichague. Iwaonyeshe wote wawili, mimi nimuulize mwenyewe."

Nilimwambia hiyo itakuwa kazi zaidi kwa mashine. Akasema mashine haijalalamika. Tukafanya alivyotaka, na kwa miaka kadhaa hatukumpa mtu kadi ya mwenzake. Kumbukeni kwamba wakati huo nilikuwa sijui lolote. Ujinga wenyewe nilikuja kuupata baadaye, nilipokuwa mtaalamu.

Madam Akinyi alistaafu, hospitali ikanunua mfumo wa kampuni ya Nairobi, na mimi nikawa mtu wa kubofya vitufe vya programu iliyoandikwa na wengine. Ndipo mtandao ulipofika Kisii mjini. Cyber ya kwanza niliyoijua, chumba cha kulipia mtandao kwa dakika, ilikuwa juu ya duka la viatu, na kule niligundua kwamba kuna watu duniani wanaoandika programu na kuziacha wazi, yeyote azisome, atakayeona kosa alitengeneze. Nilidhani ni mtego. Nikatafuta programu ya kumbukumbu za hospitali, nikachapisha kurasa zake, nikaenda nazo nyumbani nikazisoma kwa penseli na rula, kutoka mwisho. Nilipata makosa saba. Niliandika marekebisho kwenye daftari la shule, na kila asubuhi ya siku yangu ya mapumziko nilipanda juu ya duka la viatu kuyanakili. Asubuhi, kwa sababu mnaijua mvua ya Kisii: saa nane mchana ngurumo, saa nane na robo stima imepotea, na kazi yako imekwenda nayo.

Wenye programu walikuwa kampuni ndogo ya mji wa Utrecht. Tuliandikiana miaka miwili. Mkuu wao aliitwa Pieter, na barua zake zote zilianza kwa "Mheshimiwa Bwana Kemunto". Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeona kwamba marekebisho ya Bwana Kemunto yalikubaliwa haraka, na sikutaka kumharibia kazi. Aliponiomba hatimaye niende kufanya kazi kwao, nilimtumia nakala ya pasipoti. Hakuiangalia, maana uwanja wa ndege nilimkuta ameinua kibao kimeandikwa "Bwana Kemunto" kwa herufi kubwa. Nikasimama mbele yake. Akasogea kando kidogo ili aone vizuri nyuma yangu.

"Ni mimi," nikamwambia.

Akasoma kibao chake, akanitazama, akakisoma tena. Halafu akatoa kalamu mfukoni, akafuta "Bwana", akanipa mkono. Kuanzia hapo nilimpenda Pieter, na nawaomba mlikumbuke hilo mtakapofika mbele.

Kabla sijasafiri nilikuwa nimeenda Gesima kumuaga mama yangu. Aliniona na sanduku, akaniuliza kwa Ekegusii naenda kufanya kazi gani.

"Kurekebisha makosa ya kompyuta za wazungu."

"Kwani wao hawana watu wa kurekebisha makosa yao?"

"Hao watu ndio walioyafanya."

Akafikiri. "Basi angalia usije ukawasaidia kuyafanya."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Siku ya kwanza Utrecht nilipewa meza inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, na wiki nzima sikufanya jambo jingine la maana. Wenzangu walikuwa wanane, wote na shahada, wote wema, wote wakisema wazi wanachofikiri. Nikichapisha programu kwenye karatasi kuisoma kwa rula, walikuja kutazama kama watu wanaotazama mtu akitwanga kwa kinu. Baada ya miezi michache mmoja wao akaja kuazima rula yangu.

Mimi ni Msabato, kwa hivyo Jumamosi sikufanya kazi. Hilo lilizua mkutano. Tulikuwa na zamu ya simu, kwamba hospitali ikipata tatizo siku za mapumziko kuna mtu wa kupokea. Nikawaambia nitachukua Jumapili zote, na Krismasi, na Pasaka. Wakaniuliza kama kuna wengine wa dini yangu wanaotafuta kazi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka wangu wa nne nilipewa kazi ya kuondoa faili pacha. Hospitali tulizohudumia zilikuwa na wagonjwa wenye faili mbili au tatu kila mmoja, kwa sababu kila wakienda idara mpya walisajiliwa upya. Kazi yangu ilikuwa kuandika kanuni ya kuzitambua faili za mtu mmoja na kuziunganisha. Niliandika kanuni safi sana: jina likiwa sawa, jinsia ikiwa sawa, na tarehe ya kuzaliwa ikiwa sawa siku, mwezi na mwaka, huyo ni mtu mmoja, unganisha. Nikaijaribu kwa maelfu ya Waholanzi. Haikukosea hata mara moja. Pieter alileta keki.

Miezi michache baadaye, Jumapili, simu ya zamu ikalia. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa hospitali moja tuliyoihudumia, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna ya mtu anayejizuia.

"Tuna mgonjwa katika chumba cha uangalizi maalumu," akasema. "Ametokwa na damu tumboni. Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na kipimo chetu kilionyesha dawa haimtoshi, tukamwongezea. Sasa anasema wiki hiyo hakupimwa damu."

"Labda amesahau."

"Anasema alikuwa kwa binti yake mji mwingine. Binti amethibitisha."

Nikafungua faili. Jina lilikuwa la mwanamke wa Kisomali. Nitamwita Sahra, si jina lake. Kipimo kilikuwemo, na tarehe, na saa. Nikachapisha kila kitu kilichowahi kuandikwa kwenye faili hiyo, nikakaa chini sakafuni, nikaanza ukurasa wa mwisho nikirudi nyuma. Ilinichukua saa tatu. Ukurasa wa kumi na nne nikaona mstari mmoja wa mashine: *faili mbili zimeunganishwa.*

Walikuwa kina Sahra wawili. Majina matatu sawasawa, la kwake, la baba na la babu. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa moyo na dawa yake. Mwingine alikuwa mzima, amekuja kupimwa damu kabla ya upasuaji mdogo wa goti. Damu ya yule mzima iliganda haraka, kama ya mtu asiyetumia dawa, daktari akadhani ni ya mgonjwa wa moyo, akaongeza dawa. Na tarehe yao ya kuzaliwa ilikuwa moja, na mwaka mmoja. Tarehe mosi Januari.

Halafu nikainuka, nikaenda kwenye kabati, nikachukua pasipoti yangu, ingawa nilijua kilichoandikwa humo. Mimi nami nilizaliwa tarehe mosi Januari. Mama alinizaa msimu wa palizi, mwezi hakuujua mtu, na tulipofika darasa la saba kujiandikisha kwa mtihani, mwalimu alituuliza tarehe zetu. Waliozijua walikuwa wawili. Sisi wengine kumi na mmoja alituandikia mosi Januari, akatuambia tuzishike kichwani tusije tukamwaibisha. Karibu darasa zima kuzaliwa siku moja, na hakuna mkaguzi aliyewahi kushangaa. Watu wanaofika Ulaya kwa ukimbizi hufanyiwa vivyo hivyo na karani wa uhamiaji: hujui tarehe, unapewa hiyo. Nilikuwa mtu pekee katika kampuni ile aliyelijua jambo hilo kwa mwili wake. Na mimi ndiye niliyeandika kanuni.

Jumatatu asubuhi Pieter alinikuta ofisini kabla yake. Nikamweleza yote. Akakaa.

"Yule mama yuko hai?"

"Yuko hai. Wameizuia damu. Faili nimezitenganisha, na kanuni nimeizima hospitali zote."

Akavuta pumzi. Halafu akaanza kuzungumza polepole, na nikamwona mtu mwema akitafuta njia ya kutokuwa mwema sana.

"Aliyemsajili ni karani wa mapokezi wa hospitali. Yeye ndiye aliyeingiza tarehe isiyo ya kweli. Kwa maana hiyo, ni hitilafu ya uingizaji."

"Aliinakili kutoka kwenye kibali cha ukaazi, Pieter. Kila herufi."

"Najua."

"Sasa kosa lake ni kujua kusoma?"

"Yunuke." Alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili. "Kibali chako wewe kimefungwa kwenye kazi hii. Nikiandika kwamba kosa ni la mtu wa hapa, wataniuliza mtu huyo bado yuko hapa kwa nini. Nakufikiria wewe."

Sitawadanganya kwamba nilijibu papo hapo kama shujaa. Nilimwambia nahitaji kufikiri, nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko. Nilifikiri juu ya nyumba ya mama niliyokuwa naijenga, ikiwa imefika lenta tu, bado haina paa. Nilifikiri nitarudi Kisii niwaambie nini watu walionisindikiza kwa nyimbo. Nilimfikiria pia yule karani, ambaye nilikuwa nimezungumza naye mara mbili kwa simu, msichana mchangamfu aliyeniuliza mara zote mbili kama Kenya kuna baridi. Niliona ni rahisi sana kumwachia lawama. Hata asingejua ni nani aliyemwachia. Urahisi huo ndio ulionitia hofu.

Nikatoka, nikamwambia Pieter nitaandika ripoti mwenyewe. Nikaiandika kwa sentensi fupi. Sentensi ya tatu ilisema kanuni niliiandika mimi, niliijaribu kwa watu wenye tarehe za kweli pekee, na sikufikiria wengine ingawa mimi ni mmoja wao. Pieter aliisoma mara mbili, akaitia sahihi, uso wake mwekundu. Hakunisukuma tena.

Wiki tatu baadaye hospitali iliitisha kikao na mgonjwa. Kampuni yetu ilituma watu watatu: Pieter, mimi kwa kuwa ndiye niliyeweza kueleza, na mwanasheria wa kampuni, mwanamke nadhifu aliyenikalisha dakika ishirini kabla ya kuingia.

"Unaweza kusema tunasikitishwa na yaliyotokea," akanifunza. "Usiseme *samahani*. Kusikitika ni hisia. Samahani ni kukiri."

Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli.

Sahra aliingia akishikwa mkono na binti yake, amevaa buibui la rangi ya kahawia, amekonda, lakini macho yake yalizunguka chumba chote yakihesabu watu. Binti alitafsiri. Daktari mkuu akasema anasikitika. Pieter akasema anasikitika. Mwanasheria akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kila mara. Binti akatafsiri masikitiko yote hayo kwa Kisomali, na kadiri alivyoendelea yalizidi kuwa mafupi.

Kisha yule mama akaninyooshea kidole.

"Wewe," akasema kwa Kiswahili. "Wewe Mkenya?"

"Ndiyo, mama. Mimi ni wa Kisii."

"Kisii ya ndizi?"

"Hiyohiyo."

"Mimi nimekaa Islii, pale Nairobi, miaka tisa. Ndizi yenu ilikuwa inafika imechubuka yote." Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha haraka, na sikuwa nimesikia kitu kizuri hivyo kwa miezi. "Hawa watu wanasema wanasikitika, wanasikitika. Kwani kuna matanga? Mimi sijakufa. Nataka kujua nani alifanya."

Mwanasheria alikuwa akitabasamu, kwa namna watu wanavyotabasamu wasipoelewa lugha. Nikaona kwamba hapo mezani, kati ya watu sita, nilikuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, na nafasi hiyo isingekaa muda mrefu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Kompyuta iliunganisha faili yako na ya mwanamke mwingine mwenye jina lako, kwa sababu mlikuwa na tarehe moja ya kuzaliwa. Maagizo hayo niliandika mimi kwa mkono wangu. Nakuomba unisamehe."

Mama yule alinitazama bila kupepesa.

"Tarehe gani?"

"Mosi Januari."

"Lakini hiyo si tarehe! Hiyo ni ya karani!" Akapiga meza kwa kiganja, Pieter akashtuka. "Mimi nimezaliwa mvua ilikuwa imenyesha, ngamia wa baba wamenona. Januari ni nini? Wewe Mwafrika, hukujua?"

"Nilijua. Hata mimi ni wa mosi Januari. Nilisahau."

"Ulisahau." Alilirudia neno hilo taratibu, na nikasubiri lile ambalo nilistahili. Lakini mdomo wake ulianza kutetemeka pembeni, akajishika tumbo, akacheka, akisema kati ya kicheko kwamba inamuuma, inamuuma, tusimchekeshe. Binti yake akamshika bega kwa wasiwasi. Sikucheka. Nilikuwa nalia, jambo ambalo mwanasheria alikuwa hakunipa maelekezo yake.

Alipotulia, mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Huyo Sahra mwingine," akaniuliza. "Yeye ameambiwa?"

Nikageuka nikawauliza wengine kwa Kiholanzi. Daktari alimtazama mwanasheria. Mwanasheria alitazama karatasi zake. Hakuna aliyemwambia. Yeye hakuwa ameumia, na faili yake ilikuwa imerudishwa mahali pake. Hakuna aliyeona haja.

"Waambie wamwambie," mama akasema. "Kama damu yake imeingia kwangu kwenye karatasi, yangu imeingia kwake pia. Kesho atapasuliwa, waseme huyu ana dawa, huyu ana moyo. Aende aangalie karatasi yake."

Nikayasema hayo kwa Kiholanzi, neno kwa neno, na daktari akaandika. Ndipo mwanasheria alipoinama kuniuliza hayo mengine yote tuliyokuwa tukizungumza yalihusu nini. Kabla sijafungua kinywa, mama Sahra akamjibu mwenyewe, kwa Kiholanzi chake kidogo, akiwa ametulia kabisa.

"Ndizi."

Kwenye lifti nilimwambia Pieter ukweli. Alitazama namba za ghorofa zikishuka. Tulipofika chini akasema, "Nilidhani ni muda mrefu sana kwa ndizi," akanishikia mlango.

Sahra wa pili aliitwa hospitalini wiki hiyohiyo. Kwenye faili yake walikuta onyo la dawa ya moyo ambayo hajawahi kuinywa, lililokuwa limebaki baada ya mimi kutenganisha, kwa kuwa nililiruka. Nililiondoa kwa mkono, huku yeye mwenyewe amekaa pembeni yangu akisoma kila mstari. Kanuni mpya tuliiandika kwa miezi miwili. Ikikuta watu wawili wanaofanana haiunganishi tena. Inasimama na kumwambia karani amuulize mgonjwa. Wenzangu waliiita hatua ya mbele. Karani wa mapokezi alibaki kazini kwake, nami kwangu, na kibali kikarefushwa, ingawa kwa miezi mitano kila bahasha ya serikali ilipoanguka mlangoni nilipika chai kwanza ndipo nikaifungua.

Miaka iliyofuata siisimulii, ilikuwa mikutano.

Lakini ripoti ya mwisho ya lile tukio ilitoka, nzuri, yenye jalada gumu, ikagawiwa hospitali zote. Nilifungua ukurasa wenye jina la mwandishi wa ile kanuni. Walikuwa wameandika *Y. Kamuntu*. Pieter aliniambia niliache hivyohivyo. Alisema, kwa upole wake wote, kwamba kwa jina lile hakuna mtu angenipata hata akitafuta.

Nikawaandikia siku hiyohiyo, barua ya mstari mmoja, nikiwaomba walirekebishe. Kosa lilikuwa langu, na jina langu lina *e* na *o*.